Saab ya Mzee Agnelo na Kiti Kinachotazama Nyuma

Ninyi mlionisimamisha kwenye lifti, na ninyi wa kwaya mlioninong'oneza katikati ya mahubiri, nawajibuni wote kwa mkupuo mmoja. Ndiyo, tulitoka Toronto tukaenda mpaka Nova Scotia na lile gari la kijani linalotoa moshi. Ndiyo, tulirudi nalo. Na hapana, Mzee Agnelo hajachanganyikiwa. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo mpaka tulipofika Quebec, kwa hiyo siwalaumu. Habari za bima na vibali sitawachosha nazo. Nawaeleza njia.

Flemingdon Park: jambo lenyewe

Mzee Agnelo mnamfahamu, yule Mgoa wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Nairobi, anayeongea Kiswahili na kila mtu hata na wasiokijua. Ana dada yake mmoja tu, Bi Olinda, mjane anayeishi nje kidogo ya Antigonish, kule Nova Scotia. Miaka mitatu iliyopita Bi Olinda alikuwa amekaa kiti cha mbele, mumewe akiendesha, lori la magogo likahama upande wake wa barabara likawajia. Mume alifia pale pale. Tangu siku hiyo Bi Olinda hajapanda gari lolote, la mtu wala la wagonjwa. Chakula analetewa, kanisani haendi.

Sasa macho yake yakaanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Daktari yuko Halifax. Miadi ya kwanza hakwenda, ya pili hakwenda, na ya tatu wakamwambia kwamba akikosa tena atarudishwa mwisho wa foleni. Kufikia wakati huo alikuwa anapapasa sahani ili ajue nyama iko wapi.

Mzee alikuja kwangu kwa sababu naendesha basi la shule na nilijifunza udereva kwenye gari la misheni kule Morogoro, gari la gia za mkono. Mguu wake wa kushoto hauwezi tena kukanyaga klachi safari ndefu.

"Mama Zawadi," akaniambia, "kuna gari moja tu duniani Olinda anaweza ingia. Na hiyo gari niko nayo."

Nikacheka. Hakucheka.

Baba yao alikuwa na Saab kule Nairobi, ile ya nyuma ndefu inayoitwa tisini na tano. Ina viti vya mbele, viti vya kati, halafu huko nyuma kabisa, penye buti, kuna kiti kidogo kinachotazama nyuma. Mnaingilia mlango wa nyuma, mnakaa mkiitazama barabara mliyokwisha kuipita. Hapo ndipo Agnelo na Olinda walipokulia utoto wao. Baba alipohama aliliuza, na Mzee akiwa mtu mzima akalikuta la aina ile ile linaoza bandani kwa mkulima mmoja wa Ontario. Mnajua miaka aliyolihangaikia pale chini kwenye maegesho.

"Ukikaa hapo," akasema, "huoni kinachokuja. Unaona tu kitu imeshapita salama."

Nikaacha kucheka. Kiangazi shule zimefungwa, basi nikakubali.

Kando ya Ziwa Ontario: najifunza upya

Mzee hakutaka barabara kuu, kwa hiyo tulishika ile ya zamani inayofuata ziwa. Nilikuwa nimejaza kikapu maandazi, chapati na kuku wa kukaanga kana kwamba tunakwenda jangwani. Gia ya gari hilo iko kwenye usukani, na mara mbili nilipotaka kuingiza ya tatu niliwasha waipa za kioo. Injini inalia kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria yenye kifuniko.

Kwenye mteremko wa kwanza nikaachia mafuta kama dereva yeyote mwenye akili, nikitegemea injini inishikie gari. Gari halikushikwa. Likateleza, likazidi kukimbia, kimya, na mimi nikaita majina ya malaika niliowakumbuka.

"Kanyaga breki, mama! Hiyo ni baiskeli!"

Ndivyo lilivyo. Ukiacha kukanyaga mafuta, magurudumu yanajiendea yenyewe kama ya baiskeli, injini haiyazuii. Nikamuuliza Mzee ni mwendawazimu gani aliyebuni jambo hilo. Akafurahi, maana alikuwa anangoja swali tangu Toronto.

Saab, akaniambia, walikuwa Waswidi watengeneza ndege. Vita vilipokwisha, ndege hazikuhitajika kwa wingi, wakaamua kutengeneza gari, na wanasema wengi wa waliolichora hawakuwa hata na leseni ya udereva. Wakachora wanachokijua: kitu cha mviringo, chenye tumbo laini chini, cha kuukata upepo. Gari lao la kwanza, tisini na mbili, halikuwa na mlango wa buti kabisa. Mizigo uliichukulia ndani, nyuma ya kiti. Na mwanzoni yote yalikuwa ya kijani, kwa sababu, husemwa, ghalani kulibaki rangi ya ndege. Ndiyo maana naye lake alilipaka kijani, ingawa la baba yao lilikuwa kijivu.

Injini yenyewe haina mahali pa kuwekea oili. Oili unaichanganya na petroli ndani ya tangi, kama pikipiki za zamani. Petroli ikipita, oili inapita nayo na kulainisha vyuma. Sasa ukiteremka mlima umeachia mafuta, petroli haiji, oili nayo haiji, na vyuma vinakaukiana. Ndiyo wakaweka ule ujanja wa baiskeli, injini ipumzike wakati magurudumu yanakimbia.

Niliyatafakari hayo mpaka Port Hope. Niliwahi kuendesha magari mengi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu walikaa mezani wakaihurumia injini kiasi hicho.

Kwa hiyo kila kituo cha mafuta ilikuwa ibada. Mimi nakaa, Mzee anashuka na mkebe wake wa oili, anapima, anamimina oili kwanza, petroli juu yake. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Watu wakija na simu kupiga picha, anawahutubia. Huko Kingston alimshika mwalimu mstaafu mmoja, akampitisha kwenye ukoo mzima: tisini na tatu, tisini na sita, kisha tisini na tisa, kisha mia tisa, ile ambayo ufunguo unachomekwa katikati ya viti na hautoki mpaka uingize gia ya kurudi nyuma. Mwalimu alikuwa anataka kwenda chooni tu.

Mto ambao hauishi

Baada ya Montreal tulifuata Mto St. Lawrence, na hapo, jamani, maneno yalinipungukia. Mto nilioujua mimi ni ule wa kuvuka umekunja sketi. Huu kila tulipoamka ulikuwa umepanuka, mpaka ng'ambo ikawa mstari wa buluu, na hewa ikaanza kunuka chumvi. Makanisa yana minara ya fedha, kila kijiji na lake. Nilisimamisha gari mara kadhaa bila sababu yoyote ila kutazama, na Mzee mwenye haraka zake hakunisema.

Tulikula kile chakula chao cha chipsi zilizomwagiwa mchuzi, juu vipande vya jibini vinavyolia menoni. Nikamwambia Mzee kwamba mpishi kaharibu chipsi nzuri. Halafu nikamaliza yangu na nusu ya zake.

Rivière-du-Loup: sombe ya Maman Béatrice

Huko Rivière-du-Loup tulipokewa na Maman Béatrice, Mkongo wa Goma, nesi, ambaye nilijuana naye kwenye semina ya kwaya. Mumewe ni Papa Déo, mtu wa maneno machache sana. Tulifika tangi likiwa linakaribia kukauka, na Mzee akasema atajaza asubuhi kituo cha mafuta kikifunguliwa.

Sombe ile, yaani kisamvu cha kwao, siwezi kuisimulia. Samaki wa chumvi alikuwemo, na ugali wa muhogo umesimama kama mlima. Mzee alikula akatokwa jasho, akaniambia kwamba Olinda angelia kwa pilipili ile.

Asubuhi tulitaka kuondoka mapema. Upasuaji ulikuwa baada ya siku chache, na bado tulikuwa na New Brunswick yote mbele yetu. Maman Béatrice akasimama mlangoni.

"Munaenda namna hii, tumbo wazi? Hapana, ba-mama. Mugeni haendake bila kula. Kaa chini."

Tukakaa. Chai, mihogo, mayai. Papa Déo hakuwepo mezani, na sikujiuliza yuko wapi. Tulipotoka alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akatuaga kwa kuinama kidogo.

Mzee akasema leo anataka kukaa kile kiti cha nyuma, ajue kama mikanda aliyofungisha inambana mtu. Akaingilia nyuma, magoti karibu na masikio. Nikawasha. Mshale wa mafuta ukapanda mpaka juu kabisa, nikajisemea, mzee huyu kumbe aliamka na kwenda kujaza peke yake, nami nikikoroma. Naye, alivyonieleza baadaye, aliona natoka mjini bila kusimama kituoni, akajua nimemjazia wakati anavaa, kwa vipimo alivyonifundisha. Alijisikia vizuri, akasema, kwamba nimekuwa mwanafunzi.

Milima ya Témiscouata: moshi uko wapi?

Njia inaacha mto na kupanda milimani kuelekea New Brunswick. Misitu pande zote, barabara inainuka, inashuka, inainuka zaidi. Gari lilikuwa linapanda vizuri, hata vizuri mno, sauti yake ikiwa kali kuliko kawaida. Tukiwa tunakaribia kilele cha kilima kirefu, nikasikia kutoka nyuma sauti sijawahi kuisikia kwa Mzee.

"Mama Zawadi! Moshi uko wapi?"

"Moshi gani?"

"Siuoni moshi! Huku nyuma ni hewa tu! Ulitia oili?"

"Si wewe uliyejaza?"

Injini ikatoa mlio mmoja mkavu, kama mtu anayeburuta meza kwenye sakafu ya saruji, ikanyamaza.

Gari lingine lolote magurudumu yangekamatwa pale pale, tukapiga mzinga wa kutosha kuwafurahisha wenye magari ya kuvuta. Hili liliendelea. Lilikuwa limeshafika kileleni, likainamisha pua, likaanza kuteremka bila injini, bila sauti, ni upepo tu na matairi. Chini yetu kulikuwa na ziwa limelala katikati ya msitu, refu, na jua limetanda juu yake. Niliogopa, sisemi uongo. Lakini kitu kilichonijaa kifua hakikuwa woga. Watu wale waliofanya ndege, ambao kiwanda chao kimeshafungwa na jina lao limebaki kwenye mabati ya zamani, walikuwa wamefikiria dakika hii. Walijua kwamba ipo siku mtu atakosea, na wakaacha mlango wazi ili asife. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikatokwa machozi, tukateremka mpaka chini na kuingia taratibu kwenye uwanja wa mgahawa mdogo wa barabarani.

Mzee akawa hawezi kutoka kwa magoti yake kufa ganzi. Nilimvuta kwa makwapa.

Nikampigia Maman Béatrice. Nikasikia anamuuliza mumewe, kisha akarudi na sauti ndogo. "Déo ndiye alitia essence, ile petroli. Na bidon, dumu ya nyumba. Anasema mugeni hapashwi kuenda na tangi tupu, na ukimupa, haupashwi kumwambia, utamupatisha haya."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kwetu pia ndivyo tulivyolelewa: mgeni unamtilia kitu cha njia, na hupigi debe. Sote tulikuwa na adabu mno, hakuna aliyeuliza wala kutangaza, na adabu hiyo ilikuwa imeua injini.

Mzee alikaa kwenye kijiwe. "Ni kama imenoki, imekamata kabisa," akasema. "Olinda hataingia gari ingine. Unajua hivyo."

"Najua, Mzee."

"Kama ikikosa kuwaka, nimemfanya asione."

Mwenye mgahawa, mama mnene mwenye aproni, akatuletea bila kuombwa chapati nyembamba za unga wa rangi ya majani makavu, upande mmoja umejaa vitundu. Nilitafuna nikashtuka: chila! Chila za nyumbani, hapa, kwa watu wasiojua hata Tanga iko wapi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba bibi yangu wa Tanga alipika hizi hizi. Akanijibu kwa Kifaransa, nadhani, kwamba hata bibi yake yeye alizipika. Tukaachiana hivyo.

Injini ilipopoa, Mzee akafungua plagi, akadondoshea oili kwenye kila tundu, akazungusha feni kwa mkono. Haikuzunguka. Akangoja, akadondoshea tena. Mara ya tatu ikasogea kidole kimoja. Mara ya nne ikazunguka.

Sasa tangi limejaa petroli tupu mpaka shingoni. Tukachota kidogo, tukamimina oili, lakini oili inazama chini na hakuna mti wa kukorogea. "Lazima gari itikiswe," akasema Mzee. Mama wa aproni akaelewa kwa ishara, akaingia ndani, akatoka na wateja wote: madereva wa malori, wanandoa wa pikipiki, mzee mmoja na kitambaa chake cha kulia bado shingoni. Tukashika pande zote mbili, tukalitikisa gari lile la kijani kushoto na kulia kama mtoto aliyekataa kulala, wengine wakicheka, mama akihesabu mdundo kwa Kifaransa na mimi nikiitikia kwa pambio la Jumapili.

Mzee akawasha mwenyewe. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu bisi zikaanza kupasuka, na nyuma yake ukatoka moshi wa buluu uliowafanya watu wote warudi hatua wakishangilia. Sijawahi kufurahia moshi namna ile.

New Brunswick

Tulipita polepole. Mzee aliendelea kukaa nyuma, na kila baada ya vilima viwili alitangaza, "Moshi upo!" Nilizoea hata nikaanza kuungoja. Sina la kusema zaidi kuhusu jimbo hilo ila kwamba ni miti, na ni kubwa, na Mungu hakuwa na ubahili siku ile.

Antigonish: upande wa nani

Bi Olinda alitusikia kabla hatujafika. Tulimkuta barazani, mwembamba, amevaa sweta kiangazi hicho, kichwa amekielekeza kwenye sauti.

"Zima hiyo kitu," akasema. "Majirani wataita zimamoto."

Lakini alishuka ngazi, mkono kwenye reli. Akaligusa gari boneti, akateremsha kiganja mpaka kwenye taa, akanusa moshi. Akainama karibu kabisa na bati. "Kijivu," akasema. "Kama ya Baba."

Mzee akanifinya mkono nisimsahihishe.

Kesho yake ilikuwa ndiyo siku. Mizigo yake niliifunga mimi. Bi Olinda alivaa koti, akafika mpaka kwenye gari, na hapo miguu ikakataa. Nikambembeleza: nitakwenda polepole, Bi Olinda, naendesha watoto wa watu kila siku. Akatikisa kichwa.

"Si wewe, mama. Naona ile lori. Hata sasa hivi naiona, na macho haya hayaoni hata kijiko."

Akageuka kurudi ndani. Nilimtazama Mzee, aseme neno, amkumbushe foleni, daktari, chochote. Yeye akaenda nyuma, akafungua ule mlango, akapanda, akakaa upande wa kushoto, akafunga mkanda.

Bi Olinda akasimama. "Agnelo. Umekaa wapi?"

"Nimekaa tu."

"Nimeskia hiyo spring ikilia. Hiyo ni ya kushoto."

"Na iko nini?"

"Si unajua huo ni upande wangu!"

"Ulikuwa."

Alirudi kwa hasira, akipapasa ubavu wa gari, akampiga ndugu yake begani kwa kiganja. "Ondoka! Sogea! Kila siku ilikuwa hivi, mpaka Baba akuchape!" Mzee akasogea, akilalamika kuhusu magoti. Bi Olinda akapanda. Nikamfunga mkanda haraka kabla hajajua alichofanya, nikafunga mlango, nikakimbia mbele.

Tulipoingia barabarani nikasikia sauti yake, nyembamba: "Inaenda?"

"Inaenda," akasema Mzee. "Imepita posta. Imepita kanisa."

"Imepita salama?"

"Salama."

Hivyo mpaka Halifax. Yeye anauliza, ndugu anamtajia kilichopita: daraja, ng'ombe, lori. Kwenye lori Mzee alisita, lakini akalitaja. "Imepita," akasema. Sikugeuka. Kioo kilinionyesha vichwa viwili vyeupe vimegusana.

Halifax, na kurudi

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku iliyofuata walimfungua kitambaa cha jicho la kulia, tukamtoa nje, jua linawaka. Akasimama barabarani akatazama anga, akatazama mikono yake, nyuma na mbele. Akanitazama mimi, akasema hakujua mimi ni mfupi hivi. Kisha akaliona gari.

"Agnelo! Umepaka gari ya Baba rangi ya mchicha!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee naye, na machozi, akaanza kumweleza habari za rangi ya ndege, na hakuna aliyemsikiliza.

Nilikwenda kumfungulia mlango wa nyuma. Hakunifuata. Aliuzunguka ubavu wote wa gari, polepole, mkono kwenye bati, mpaka mlango wa mbele. Akasimama pale muda mrefu. Akafungua, akakaa, akaweka mikono yote miwili juu ya dashibodi.

"Endesha taratibu, mama," akaniambia. Kucha zake, nilipoingiza gia, zilikuwa zimeshazama mkononi mwangu. "Na ufungue macho yote mbili. Mimi niko na moja tu."

Nikatoka barabarani. Magari yalikuja mbele yetu, moja, kisha jingine, kisha basi zima, na kila moja alilitazama mpaka likapita. Na huko nyuma Mzee Agnelo, aliyebaki na kiti chote peke yake, akapaza sauti:

"Moshi upo!"